Taa Haikuzima Penye Pengo

Mdogo wangu anaitwa Takataka. Kwa lugha yetu ni Kacharu, na maana yake ndiyo hiyo, uchafu wa kufagiwa. Usicheke kwanza. Mama yetu alinizaa mimi nikaishi, kisha akazaa wavulana watatu, wote wakaenda kabla hawajaota meno. Alipozaliwa huyu wa mwisho, jirani mmoja akamchukua, akamlaza juu ya jalala nyuma ya zizi, akageuka akaenda zake. Halafu akarudi, akamwokota, akamletea mama na kumwambia, "Angalia nilichookota. Takataka tu. Mlee ukitaka." Ndivyo tunavyofanya kwetu mtoto anapozaliwa baada ya makaburi: unampa jina baya ili kifo kisimtamani. Na kweli hakikumtamani. Kacharu sasa ana mvi na magoti mabovu, na bado tunamwita Takataka mbele ya wageni.

Mimi ni Subhadra, dada yake. Nina mdomo, najua, usinikumbushe. Nikisema Kacharu alikuwa dereva wa kupiga dawa asiye na mfano upande wetu wote wa Dindori, sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Ndugu yangu ananikera mengi. Anakoroma, anamwaga chai, ukimtuma bilinganya anakuletea zilizooza na bado anamshukuru muuzaji. Lakini mweke kwenye trekta katikati ya mizabibu, weee, utamvulia kofia. Alikuwa anavuta tangi la dawa na lile feni lake kubwa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye koki, na hakuna tone lililoenda pasipotakiwa.

Hiyo koki ndiyo nataka uielewe. Shamba ni la Uttamrao, mtu mkubwa wa zabibu hapa kwetu, mkali kwa dawa kama mama mkwe kwa sukari. Katika mistari ya mizabibu huwa kuna mapengo, mahali mzabibu umekufa na bado hawajapanda mwingine. Kupiga dawa penye pengo ni kupulizia hewa. Kwa hiyo Kacharu akifika kwenye pengo anafunga koki, akilipita anafungua. Miaka yote aliyofanya kazi kwa Uttamrao mkono wake ulikuwa hivyo, funga, fungua, mpaka akawa anafanya hata usingizini. Mke wake alinilalamikia.

Wanawake wa milimani walilijua hilo. Hao huja kila mwaka baada ya sikukuu ya taa, wanashuka kutoka vilima vya Peth na waume zao na watoto wao na mikate yao ya wimbi, wanatusaidia kupunguza machipukizi na kuchambua vichala. Mtoto mchanga huwezi kumlaza chini, kuna nge, kuna sisimizi, kuna nyoka. Wanachukua sari kuukuu, wanaifunga ncha mbili kwenye nyaya zinazobeba mizabibu, mtoto anaingia katikati anabembea. Na bembea wanaitundika penye pengo. Hakuna matawi ya kumkwaruza, na tena pale ndipo mkono wa Kacharu unapofunga. Hakuna aliyewafundisha. Waliona tu kwamba penye pengo pakavu siku zote, na Kacharu naye akawa anawaambia, "Tundikeni kwenye pengo, akina mama. Kwenye pengo mimi sipigi."

Mwaka huo akaja Lahani. Mwembamba, mdogo, ukimwangalia unadhani bado anaandaliwa kuolewa, kumbe ana mtoto mgongoni, mnono, mashavu yananing'inia. Kacharu alikuwa anajaza maji kwenye tangi. Akamkonyeza yule mtoto.

"Huyu mheshimiwa anaitwa nani?"

"Dhondya," Lahani akasema. Jiwe, hiyo.

Kacharu akaacha mpira wa maji ukamwagika chini. "Jiwe! Basi shika mkono, bwana Jiwe. Mimi Takataka. Chama chetu ni kimoja."

Lahani alicheka, halafu cheko likamwishia mdomoni. "Nimezika wawili, kaka. Huyu nimemwita jiwe ili asipendwe na mtu."

"Umekosea," Kacharu akamwambia. "Mimi nishampenda."

Nikamwambia, "Wewe funga maji, Uttamrao atakupenda na wewe." Lakini nilimwona. Alikwenda mwenyewe akachagua pengo zuri, mstari wa chini karibu na kisima, penye upepo. Akakaza mafundo ya bembea mpaka Lahani akamwambia atakata waya. Kila siku baada ya hapo alimletea yule mtoto kipande cha sukari guru, na Lahani anamgombeza kwamba mtoto hana hata jino, na yeye anasema, "Jiwe halihitaji meno." Hata mimi nilizoea. Ukipita mstari wa chini unachungulia kwenye sari, unakuta macho mawili meusi yanakuangalia, yanakufuata unakokwenda. Mtoto yule alikuwa anaangalia watu, nakwambia. Unaona haya.

Halafu ikaja mashine mpya.

Uttamrao aliileta kwa mbwembwe, ameipaka manjano na kuivisha maua, kapasua nazi mbele yake kama desturi. Waliomletea walisema ina vihisi. Sisi tulisema ina macho, maana ndivyo ilivyokuwa: vijicho vyeusi ubavuni, kulia na kushoto, kutoka chini hadi juu. Likipita jani mbele ya jicho, mdomo wa dawa unafunguka. Jani likiisha, unajifunga wenyewe. Mbele ya dereva kuna kioo kidogo chenye taa za kijani. Taa ikiwaka, dawa inatoka. Taa ikizima, imefunga.

"Kacharu," Uttamrao akasema mbele yetu sote, "kuanzia leo wewe ni bwana harusi. Kaa juu, shika usukani, usiguse kitu. Mkono wako umestaafu."

Wanawake wakapiga vigelegele. "Bwana harusi mwenye magoti mabovu!" mmoja akapiga kelele. "Mshusheni polepole!"

Akaendesha mstari mmoja tukiangalia. Kwenye majani, fyuuu, dawa. Ilipofika kwenye pengo, tik, kimya, taa ikazima. Ikalipita, fyuuu tena. Tukapiga makofi. Kacharu alishuka amenuna, maana mwanamume akinyang'anywa kazi ya mkono wake anakuwa kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko, lakini kununa hakuwezi. Baada ya muda mfupi alikuwa anaisifia kuliko Uttamrao.

Lahani peke yake ndiye aliyeuliza. "Na Dhondya je, kaka?"

"Dhondya yuko wapi?"

"Penye pengo."

"Pengo lina majani?"

"Halina."

"Basi umeona mwenyewe. Pasipo na jani haifungui. Ni salama kuliko mimi. Mimi naweza kupiga chafya mkono ukateleza. Hii haipigi chafya."

Tulicheka wote. Lahani naye akacheka. Hakuna hata mmoja wetu, si Uttamrao, si mimi na mdomo wangu huu, si wale wataalamu waliokuja na mashine, aliyewaza kwamba pengo lenye bembea si pengo tena.

Siku chache ilikwenda vizuri, maana Kacharu alipiga dawa asubuhi mapema kabla ya wanawake kufika. Kisha ikanyesha. Ni mvua isiyo na adabu, ya mwezi ambao mvua haitakiwi, na baada yake mbingu ikafunga, joto likapanda. Kwetu hali hiyo ikitokea watu hawasalimiani. Ukungu ukishika jani changa, msimu umekwisha, unabaki na fimbo za mizabibu. Kila shamba trekta zilikuwa zinanguruma. Uttamrao alikuwa anakimbia huku na huku kilemba mkononi.

"Mrututu na chokaa! Mstari wa chini wote, sasa hivi! Wanawake wapande juu!"

Mrututu na chokaa ni dawa ya zamani ya ukungu, ile ya bluu. Siku hiyo waliichanganya haraka haraka, chokaa ikawa nyingi. Hilo tulilijua baadaye.

Tukapanda mistari ya juu. Wenye watoto walioamka waliwachukua. Dhondya alikuwa amelia usiku kucha, meno yanatoka, na ndiyo kwanza alikuwa amelala. Nilimwona Lahani akisimama pale, mkono kwenye fundo la bembea, anafikiri. "Nikimwamsha hatalala tena," akasema. "Na yupo penye pengo." Akamfunika vizuri akatufuata. Sari yake ya siku zote ilikuwa imelowa mvua, kwa hiyo bembea ya siku hiyo alifunga nyingine. Ya kijani, ukiwa mbali utadhani ni majani.

Kutoka juu tuliona trekta ikienda na kurudi. Feni ile ikilia husikii hata mtu akikuita sikioni. Kacharu alipita upande mmoja wa mstari ule, akageuza kule mwisho, akarudi na upande wa pili. Halafu dawa ikaisha kwenye tangi, akaja kisimani kujaza, akazima injini.

Lahani alidondosha mkasi. Sisi wengine hatukuwa tumesikia kitu. Alishuka mbio, anaruka nyaya, sari inachanika, na mimi nyuma yake na miguu yangu hii, nikisema, "Nini? Nini?" Nilipokaribia ndipo nikasikia. Hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, imekwama kooni.

Nguo ilikuwa imeloa, bluu, imemganda usoni. Lahani aliibandua kwa kucha. Mtoto alikuwa mweupe wa chokaa kuanzia paji mpaka kidevuni, macho ameyakaza, na alipoyafungua kidogo nikatamani angeyafumba. Tulimmwagia mtungi wa maji ya kunywa. Tulimmwagia ya kisimani. Tulimmwagia na kummwagia, Lahani akisema, "Angalia mama, niangalie mama," na mtoto anatupa kichwa huku na huku.

Kacharu alikuwa amesimama pembeni mpira wa maji mkononi, haushiki wala hauachi. Nikampigia kelele alete huo mpira, akauleta, lakini maji akayamwaga pembeni. Nikamnyang'anya.

"Taa haikuzima, dada," akasema.

"Nyamaza, lete maji!"

"Penye pengo. Taa haikuzima. Niliiona. Nikasema labda jicho limeingia tope. Nikarudi upande wa pili, haikuzima tena."

Ameyasema hayo maneno mara ngapi tangu siku ile, Mungu ndiye anajua. Ameyasema kwa mkewe, kwa polisi, kwa Uttamrao, kwa ng'ombe. Mkono wake ungejua. Mkono ule ungefunga bila hata kumuuliza. Lakini mkono ulikuwa umestaafu, umelala juu ya goti lake.

Uttamrao alitoa gari lake mwenyewe, sitamsingizia. Dindori wakasema nendeni Nashik. Nashik daktari mwanamke, mpole, akamwosha mtoto macho upya kwa maji mengi, akaniita pembeni kwa kudhani mimi ndiye bibi. "Chokaa inakaa ndani ya jicho, mama, inaendelea kuunguza hata mkiisha kuosha," akasema. "Ilikaa muda mrefu." Nikamuuliza atapona? Akasema ataishi. Nikamwambia sijakuuliza hilo. 

Anaona mwanga. Basi. Anajua mchana, anajua kivuli cha mtu kikipita mbele yake. Yale macho meusi yaliyokuwa yanakufuata yana utando mweupe, yote mawili.

Mume wa Lahani alipokuja kutoka kiwanda cha matofali, Kacharu alimngoja nje ya hospitali. Alikuwa amevua kilemba. Nilikuwepo.

"Nipige," Kacharu akamwambia.

Yule kijana akamwangalia. "Nikikupiga ataona?"

Kacharu akamsogelea zaidi, apigwe.

"Niambie wewe, mzee. Atafanya kazi gani? Kule kwetu ni kulima na kupanda milima. Atafanya nini?" Aliuliza kweli, anataka jibu. Afadhali angempiga.

Waliomuuzia Uttamrao mashine walikuja na gari safi. Wakaijaribu kwa kofia, ikafungua. Kwa ndoo, ikafungua. Kwa kitambaa, ikafungua. Mmoja akafuta vijicho kwa pamba, akasema, "Inafanya kazi vizuri kabisa."

Nikamuuliza, "Vizuri vipi, mwanangu, na mtoto hana macho?"

"Mama, inaona kuna kitu, inafungua. Haijui ni kitu gani."

"Kwa hiyo imeharibika."

"Haijaharibika."

"Basi wewe ndiye umeharibika!" Nikamtukana mpaka shangazi yake. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, nami nikaishiwa matusi. Wakapanda gari wakaondoka. Ungetaka nimshike nani shati? Uttamrao? Alinunua mashine ili dawa isipotee. Lahani? Alimwacha mtoto alale. Nimezunguka na hasira hii miaka sasa na sijapata mlango wa kugonga.

Kacharu alikataa kupanda trekta tena. Uttamrao akaweka dereva mwingine, na ndugu yangu akaomba kazi moja tu: atembee mbele. Mashine ikitaka kuingia mstari, yeye anatangulia, anapapasa kila pengo, anainua majani. Watu wanamcheka. Uttamrao mwenyewe analalamika, "Nimenunua mashine yenye macho, halafu nalipa mtu aitangulie!" Lakini anamlipa. Na bembea bado zinatundikwa. Tuliwakataza wale wanawake, wakatuuliza, basi tuwalaze wapi?

Lahani alirudi msimu uliofuata. Ulidhani hatarudi? Wimbi likiisha kuvunwa kule juu hakuna kazi nyingine. Alikuja na Dhondya mgongoni, akakaa mistari ya juu, na Kacharu akipita anageuza uso. Lahani hakumtukana. Hakumsemesha tu. Misimu miwili hakumsemesha. Kacharu akawa anaacha sukari guru juu ya nguzo, anaondoka. Ikifika jioni imekwisha, na sijui kama aliila mtoto au sisimizi.

Mwaka jana Dhondya alikuja akitembea. Anatembea mikono mbele, anagusa waya, anafuata mstari, mcheshi, mwongo, anapenda kupigiwa hadithi. Na kitu anachokipenda kuliko vyote, unajua ni nini? Mashine. Ile sauti ya feni. Akiisikia ikianza kule kisimani anaacha chakula, anacheka, anaifuata. Mama yake anamfunga kamba kiunoni, naye mtoto anaifungua. Kumweleza tumemweleza, lakini mtoto wa umri ule unamweleza nini? Kwamba ndiyo iliyomfanyia hivi? Hajui kwamba amefanyiwa kitu. Anadhani wote tuko hivyo.

Siku moja akachoropoka. Kacharu alikuwa ameshaupitia mstari, ameusafisha wote, amesimama mwisho anampungia dereva aingie. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nikaona kitu kidogo kinapita chini ya waya, kinasimama penye pengo, kinanyoosha mikono kuelekea kwenye sauti. Nikapiga kelele. Dereva angesikia wapi na feni lile.

Kacharu alikimbia. Magoti yale, nakwambia, alikimbia. Hakuwa na muda wa kumtoa. Alimwangukia, akamfunika chini yake, uso wa mtoto kifuani, na mashine ikafika penye pengo, ikaona kitu, ikafungua. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kila kitu. Dawa ilimpiga mgongoni, kichwani, shingoni, na yeye amekaza mikono tu. Na chini yake namsikia Dhondya anacheka, anampiga ngumi za kifua, "Niache, babu Takataka! Niache nikaione!"

Ikapita. Kacharu alibaki vilevile amemkumbatia, mpaka Lahani akafika. Akamtoa mtoto kule chini, akamgeuza uso kwenye mwanga, akampapasa paji, kope, mashavu, akatafuta hata tone. Alikuwa mkavu. Lahani alikaa chini pale pale kwenye tope. Halafu akamwangalia ndugu yangu, bluu kuanzia nywele mpaka mkanda, na akamwambia neno la kwanza tangu hospitali.

"Nenda kaoge, kaka. Itakuunguza."

Kacharu akasema ndiyo, lakini hakuinuka. Nikaenda kumshika mkono. Kule mwisho trekta ilikuwa inageuza, na Dhondya alikuwa analia kwa nguvu zake zote akitaka mashine irudi.